Jina Lisitengane na Picha



Mazungumzo ya leo yalizaliwa gatini Nyamisati, asubuhi moja ya bamvua, tulipokuwa tumekaa juu ya magunia ya mchele tukingoja maji yajae ili mashua ya Mbwera ipate kuelea. Kwa maana katika delta ya Rufiji safari haifuati saa ya ukutani bali hufuata mwezi, na mgeni asiyejua kungoja hana budi kujifunza. Kando yangu alikaa mwalimu kijana, mzaliwa wa Kibiti, ambaye bibi yake mzaa mama ni Mnyagatwa wa visiwa vya ndani, na mkononi alikuwa na simu yenye picha zaidi ya 2,000: mikoko, mitumbwi, watoto wa shule, kamba wakianikwa, mashamba ya mpunga yaliyofunikwa na maji.

"Shikamoo, babu," akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, nataka kufungua blogu ya picha za huku kwetu, lakini kila ninayemuuliza ananitajia programu yake. Nichague ipi?"

Nilimwomba anionyeshe picha moja aipendayo. Akanionyesha mwanamke mtu mzima, amejifunga kanga kiunoni, amesimama kwenye ngazi ya dungu, kile kibanda cha miti kinachoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba ili mlinzi wa mpunga alale juu ya mafuriko na juu ya nguruwe. Na jua la alasiri lilikuwa limempiga upande mmoja wa uso kwa namna ambayo mpiga picha aliyesomea kazi hiyo angeionea fahari. Nikamwuliza, "Huyu ni nani?" Akafikiri, akacheka kidogo kwa haya, akasema, "Nilimpiga mwaka juzi, babu. Jina limenitoka."

Basi ndugu wasikilizaji, shauri la programu niliona haliwezi kuanza mahali pengine ila hapo, penye jina lililotoka. Mtu anayechagua programu ya kuonyesha picha aghalabu huuliza kwanza kama ukurasa utapendeza, kama ni bure, kama wengi wataiona. Yote hayo ni maswali ya haki, lakini yako swali lililo kubwa kuliko yote hayo, nalo ni kama programu hiyo itaiweka picha pamoja na jina lake, na kama siku ya kuhama itaviruhusu vyote viwili viondoke pamoja.

Nyumbani kwangu ninayo picha niliyorithi kwa mjomba wangu, ukubwa wake kama kiganja, kingo zake zimekatwa kwa meno ya msumeno kama zilivyokuwa picha za zamani. Uso wake umeliwa na ukungu, kwa kuwa unyevu wa delta hausamehe karatasi. Kilichosalia ni nusu ya tanga, mabega ya watu wanne, na kitu cheusi ambacho huenda ni rundo la miti. Mtu asiye na habari angeitupa. Lakini ukiigeuza, mgongoni pana maandishi ya kalamu ya risasi, kwa herufi za Kiarabu, yanayosema kwamba hapo ni Salale, mwezi wa Rajabu, na kwamba chomboni mna korija 40 za boriti. Kisha yanafuata majina manne, la nahodha likiwa la kwanza. Korija moja ni miti 20, kwa hiyo chombo kile kilibeba miti 800 ya mikoko, shehena ya biashara ile iliyowaunganisha watu wa Rufiji na Bara Arabu kwa muda mrefu kupita kumbukumbu ya wazee wetu. Uso umekufa, mgongo ungali unasema. Na kama yangekuwa kinyume, uso ukawa safi na mgongo mtupu, ningekuwa na picha nzuri ya wanaume wanne nisiowajua.

Delta yetu imepigwa picha tangu zamani, ila si kwa ajili yetu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikaingia kujificha katika mito ya Rufiji, na Waingereza, waliposhindwa kuiona kutoka baharini kwa sababu ya ukuta wa mikoko, walileta ndege, wakaitafuta na kuipiga picha kutoka angani, hata walipoiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Chuma cha meli ile kimeliwa na kutu na matope yamekimeza, lakini picha zake zimo katika jumba la makumbusho ya vita huko London, zikiwa na maelezo, na mtu yeyote duniani anaweza kuzitazama. Ndani yake imo meli. Walioishi kando ya meli ile, waliolima na kuvua huku mizinga ikilia, mimi sijawaona.

Na karibu na zama zetu jambo hilo limejirudia kwa namna nyingine. Anayelitafuta jina la Kibiti katika intaneti hukutana na habari za mauaji ya mwaka 2017, na za mwandishi Azory Gwanda, aliyetoweka Kibiti mwezi Novemba mwaka huo na hajaonekana tena. Habari hizo ni za kweli, na haifai kuzifukia. Lakini wilaya yenye takriban hekta 53,000 za mikoko mlangoni mwake, yenye wavuvi, wakulima, walimu na waunda mitumbwi, haiwezi kujulikana kwa msiba peke yake, na hakuna mtu mwingine atakayekuja kuonyesha mengine kama wenyewe hatutayaonyesha. Ndiyo sababu nililichukua swali la yule mwalimu kwa uzito.

Tukirudi kwenye programu zenyewe, nilianza kwa kumtajia mtu aliyetutangulia. Mwezi Septemba mwaka 2005, Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, alipokuwa Helsinki nchini Finland, alisaidiwa na Ndesanjo Macha, ambaye alikuwa ametangulia kuandika kwa Kiswahili katika blogu yake ya Jikomboe, kufungua blogu ya picha. Akaifungua kwa Blogger, huduma iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003. Haikuwa programu yenye madoido. Ilimtaka mtu aweke picha, aandike maneno chini yake, abonyeze, basi. Michuzi aliweka arusi, misiba, mpira, viongozi na watu wa mitaani, kila picha na maelezo yake ya mistari miwili mitatu yenye majina, na Watanzania waliokuwa ughaibuni wakawa wakifungua kila asubuhi kuangalia nani kaoa na nani katangulia mbele ya haki. Kilichowavuta hasa, nionavyo mimi, yalikuwa majina.

Kwa hiyo Blogger si chaguo baya kwa mtu anayeanza: hailipiwi, inafunguka kwa simu ya kawaida, na mwenyewe anaweza kutoa nakala ya alichokiandika. Upungufu wake ni kwamba nyumba ni ya mtu mwingine, na mwenye nyumba hana mkataba nawe wa milele. Wasikilizaji wanaofuatilia mambo haya watakumbuka yaliyotokea kwa Flickr, ghala la picha lililofunguliwa mwaka 2004 na kupendwa na wapiga picha wa dunia nzima: liliuzwa kwa Yahoo mwaka 2005, likauzwa tena kwa SmugMug mwaka 2018, na mwaka huohuo ikatangazwa kwamba asiyelipa hataruhusiwa zaidi ya picha 1,000, na zitakazozidi zitafutwa. Walitoa ilani na muda wa kuhamisha, hawakumvizia mtu. Lakini ilani humfaa yule inayemfikia.

Hili nalisema kwa uchungu, maana limenipata. Miaka kadhaa iliyopita niliweka picha zangu zaidi ya 300 katika huduma moja ya bure ya kampuni ya ng'ambo, na chini ya kila picha niliandika kwa subira jina la mtu, la kijiji, na la shughuli aliyokuwa akifanya. Kampuni ile ilifunga huduma. Barua ya kunijulisha ililetwa kwa njia ya intaneti wakati mimi nilikuwa vijiji vya ndani kwa muda mrefu, mahali ambapo mawasiliano hupatikana kwa kupanda juu ya mwembe, na nilipoisoma siku zilikuwa zimekwisha. Picha zenyewe sikuzipoteza, kwa sababu zilikuwamo kwenye memori kadi ndani ya kopo la maziwa. Nilichopoteza ni yale maneno. Nina nyuso 300, na kwa nyingi katika hizo nimebaki kama yule mwalimu gatini: nakumbuka jua lilivyokuwa, silikumbuki jina.

Tangu siku hiyo, programu nikiitazama huulizia mlango wa kutokea kwanza. Katika hilo naipendelea WordPress, na hapa ninaomba msikilizaji awe makini, kwa sababu jina ni moja na mambo ni mawili. Iko WordPress ambayo ni programu huria, iliyotolewa mwaka 2003, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bila kulipa, akaiweka kwenye seva aliyoikodi, akawa na anuani yake mwenyewe inayoishia kwa .tz, na iko huduma ya kampuni inayotumia programu hiyohiyo, ambayo inakupa chumba tayari kwa masharti yake. Anayeanza kwa ile ya pili anaweza siku moja kuhamia ile ya kwanza, na hiyo ndiyo faida ya programu huria: mlango umejulikana na ufunguo uko kwa wengi. Ila jihadharini na jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Faili ambalo WordPress hukutolea ukitaka kuhama hubeba maandishi, tarehe na anuani za picha. Picha zenyewe hazimo. Asiyelijua hilo atajiona ameokoa kila kitu, kumbe ameokoa mgongo wa picha na kuuacha uso. Yapasa kuchukua na kabati zima la picha kwa safari nyingine, kisha kuviweka viwili hivyo pahali pamoja.

Dawa iliyo bora, na ndiyo niliyomweleza yule mwalimu kwa urefu mpaka mashua ikaanza kutikisika, ni kuandika maneno ndani ya picha. Faili la picha ya kisasa si picha tupu. Lina mifuko ya ndani isiyoonekana kwa macho, ambamo kamera huandika saa na siku, na ambamo mwenye picha naye anaweza kuandika maelezo yake, kama mjomba alivyoandika mgongoni kwa kalamu ya risasi. Iko programu huria ya kompyuta iitwayo digiKam inayofanya kazi hiyo kwa urahisi: unafungua picha, unaandika, "Mama fulani wa fulani, Kiomboni, akilinda mpunga, Mei," unahifadhi, na maneno yanaingia ndani ya faili. Picha hiyo ukiipandisha WordPress, programu huyasoma maelezo hayo na kuyaweka mahali pake. Ukiipeleka Piwigo, ambayo ni programu huria ya Kifaransa ya maonyesho ya picha, ifaayo zaidi kwa mwenye maelfu ya picha kuliko kwa mwenye hadithi za kusimulia, nayo yaweza kutengenezwa ikayasoma. Na siku programu hizo mbili zikifa, maneno yamo bado ndani ya picha yenyewe.

Hapo ndipo Instagram na WhatsApp zinapoonyesha udhaifu wao. Sizitukani, kwa kupeana habari hazina mfano. Lakini WhatsApp huipunguza picha na kuyafuta maelezo yake ya ndani kila inapotumwa kwa njia ya kawaida, na asiyetaka hayo hana budi aitume kama hati. Wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, na siku za kimbunga Hidaya kilichofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei, nilitumiwa picha moja ya nyumba zilizozama mara tatu, mara ikiitwa Muhoro, mara Ikwiriri, mara kijiji cha Kilwa. Na hata leo sijui waliokaa juu ya paa lile walikuwa akina nani, wala kama walipata wa kuwateremsha. Instagram nayo huipanga foleni yake kwa hesabu zake, na picha ya mwaka uliopita huzikwa chini ya ile ya jana. Mwenye kutafuta "Salale" baada ya miaka 10 ataipata kwa bahati.

Kuhusu gharama sitakaa sana, ila hesabu moja yafaa kuijua. Picha inayotoka kwenye simu janja aghalabu ina megabaiti 3 au 4. Ukiipunguza upana ukawa pikseli 1,600, hubaki chini ya nusu ya megabaiti, na kwenye kioo cha simu jicho halioni tofauti. Picha 20 zisizopunguzwa humla mtazamaji wa Mchukwi au Bungu bando lake la siku; zilizopunguzwa huzifungua akiwa amesimama kituoni. Lakini ile kubwa, ya asili, usiifute. Iweke mahali pawili, na mahali pamojawapo pasiwe delta.

Iko pia sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu asajiliwe na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ada za mwanzo zilizidi shilingi milioni 2, mzigo ambao mwalimu wa shule ya msingi hauwezi. Kanuni hizo zimeandikwa upya na kurekebishwa tangu wakati huo, kwa hiyo anayetaka kuanza aende akaulize yanayotakiwa leo, asitegemee maneno ya barazani. Fauka ya hayo iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na juu ya sheria uko utu: mwanamke aliyesimama kwenye dungu lake ana haki ya kuulizwa kabla uso wake haujasafiri. Na katika mifuko ile ya ndani ya picha niliyoitaja, simu huweza kuandika na mahali hasa picha ilipopigwa. Jambo hilo lina manufaa kwa mtafiti wa mikoko, lakini mtu akikupa habari za wanaokata miti kwa wizi, au ukipiga picha nyumba ya mama aishiye peke yake, yafute maelezo hayo ya mahali kabla ya kuipandisha. Jina la kijiji linatosha.

Mwalimu aliyasikiliza hayo yote, akachukua WordPress ile ya chumba tayari, kwa nia ya kuhamia kwake mwenyewe akipata wa kuchangia seva. Na nilimhimiza picha tatu za kwanza azipandishe, azitoe, azipandishe pengine, kabla hajapandisha ya nne. Alifanya hivyo kwenye kompyuta ya shule, na akaniletea habari kwamba safari ya kwanza maneno yalihama na picha zikabaki, kama nilivyomwambia, na safari ya pili vilihama vyote.

Ama yule mama wa dungu, tuliichapisha picha yake kwenye karatasi huko Kibiti mjini, na mwezi uliofuata nikaichukua katika safari yangu kwa kuwa nilikuwa nikienda njia hiyo. Katika kijiji cha tatu bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili barazani aliipokea, akaisogeza mbali na macho, akaitazama kwanza ngazi, akasema ngazi ile ni ya mkomafi, akaitazama kanga, kisha akatulia. Akanitajia jina la yule mama, na la baba yake, na la mto ambao alivuka alipoolewa, na akaniambia kwamba amefariki tangu kiangazi kilichopita. Niliomba kalamu kwa mjukuu wake. Simu ilikuwa mfukoni, lakini niliigeuza picha, nikaandika mgongoni, herufi kwa herufi, na bibi akawa ananisahihisha.